Kabla hatujagusa Windows yako: kwenye Bureau kuna nini?

Mteja akiingia kwetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, na kusema "niwekeeni Windows mpya", hatuanzi na Windows. Tunamuuliza kwanza: Papa, kwenye Bureau, yaani skrini ya kwanza unayoiona ukiwasha mashine, kuna nini? Wengi hujibu, "Hakuna kitu, makaratasi ya kazi tu." Tukiwasha tunakuta skrini imejaa toka ukingo hadi ukingo: fakture, picha za ubatizo, TFC ya mtoto (kazi yake ya kuhitimu chuo), barua ya mwaka juzi, na dosie (folda) nne zinazofuatana, zote zinaitwa "Nouveau dossier".

Swali hilo tunalirudia kuliko zamani tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuipa Windows 10 msaada wa kawaida. Watu wanataka kuhamia 11. Mashine ikiwa na afya na vifaa vyake vikikubali, tunapandisha toleo juu ya lile la zamani na vitu vinabaki mahali pake. Lakini nyingi zinafika zimechoka au zimejaa virusi, na dawa yake ni kufuta C yote, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, na kuanza upya. Bureau unayoiona ukiwasha mashine ni dosie kama dosie nyingine. Imekaa ndani ya C, chini ya Utilisateurs, chini ya jina lako. C ikifutwa, nayo imekwenda. Tumeshaletewa mashine iliyofanyiwa kazi hiyo kwingine, nyepesi, safi kabisa, na mwenyewe amesimama mbele yetu anauliza mwaka mzima wa hesabu uko wapi. Kama diski ni ya kizamani, ile inayozunguka, pengine tunaokoa kidogo. Kama ni SSD, ile mpya isiyozunguka, mara nyingi hatuokoi kitu.

Wazo la kuifanya skrini ifanane na meza ya ofisi lilitoka kwa mafundi wa Xerox kule California. Kompyuta yao ya Star ya mwaka 1981 ilikuwa tayari na vipicha vya karatasi na folda. Waliiga meza, na meza ni pa kuwekea kazi ya leo. Kazi ikiisha, karatasi inarudi kabatini. Sisi tumelisahau kabati.

Ndiyo maana tukaanzisha huduma ya kupanga Bureau, na lazima nikiri kwamba mara ya kwanza tuliiharibu. Mteja alikuwa dekleran, yaani wakala wa forodha, kazi yake ni malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Alituachia laptopu usiku mmoja. Tukampangia vizuri sana, kwa macho yetu: dosie ya mwaka, ndani yake miezi, ndani yake wateja. Asubuhi Bureau ilikuwa na vipicha sita tu. Akaja, akafungua, akanyamaza. Kisha akasema, "Sasa lori zangu ziko wapi?"

Kumbe ule uliokuwa vurugu kwetu, kwake ulikuwa ubao wa kazi. Faili za kushoto juu ni lori ambazo bado zinangoja mpakani. Katikati, zile ambazo malipo hayajakamilika. Kona ya chini kulia, zilizotoka. Kila lori likisogea, naye anasogeza faili yake kwa kipanya. Hakuwa anasoma majina, alikuwa anasoma mahali. Tulikaa naye nusu siku tukirudisha, na kazi ile hatukumtoza.

Tangu siku hiyo hatupangi Bureau ya mtu bila mwenyewe kukaa pembeni. Yule dekleran tulimwachia ubao wake, tukabadilisha mambo mawili tu. La kwanza: ukibonyeza upande wa kulia wa kipanya mahali patupu, ukaingia "Affichage", utaona "Réorganiser automatiquement les icônes". Palipo na alama ya tiki, kila kitu kinarudi kujipanga kushoto, hata ukisogeza mara kumi. Tukaitoa. La pili ni majina. Alikuwa anataka kuandika tarehe kwa mistari ya mshazari, 03/11/2025, na Windows inakataa mshazari ndani ya jina la faili. Tukamwonyesha kuandika 2025-11-03, mwaka mbele. Ukipanga kwa jina, siku zinafuatana zenyewe. Lori zilizotoka zinahamia kabatini kila Jumamosi, yaani kwenye dosie iliyoko D, sehemu ya diski iliyo kando ya C.

Kuhusu D, wengine wamesikia kwamba Bureau nzima inaweza kuhamishwa kutoka C. Ni kweli. Unaibonyeza kulia ndani ya kivinjari cha faili, "Propriétés", "Emplacement", kisha "Déplacer". Lakini tafadhali, tengeneza kwanza dosie ndani ya D, uiite Bureau, ndipo uichague hiyo. Ukichagua D yenyewe, D nzima inageuka kuwa Bureau yako, kila kilichokuwa humo kinatokea kwenye skrini, na kurudi nyuma kuna jasho. Tena, D mara nyingi ni sehemu nyingine ya diski ileile. Inakulinda tukifuta C, haikulindi diski ikifa wala laptopu ikiibwa. Nakala ya nje ni lazima.

Na nakala yenyewe, hakikisha ni nakala. Mama mmoja mwenye duka alinakili faili yake ya stoku kwenye flashi, akapanda gari mpaka Likasi, akaifungua kwenye kompyuta ya mdogo wake. Hakuna kitu. Alichobeba ni njia ya mkato. Angalia kipicha vizuri: kikiwa na mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto, hicho ni kibao kinachoonyesha njia tu, faili iko kwingine. Angalia na uzito wake. Stoku ya miaka miwili haiwezi kuwa na 2 Ko (kilobaiti mbili). Kwa upande mwingine, kibao kama hicho ukikifuta, programu haifutiki, kwa hiyo msiogope kuvipunguza. Ila ukifungua flashi ukakuta dosie zako zote zimepata mshale, usibonyeze chochote, ilete. Hicho ni kirusi kilichozificha dosie zenyewe, na kwa kawaida bado zimo.

OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya kwenye intaneti, nayo ina kesi yake. Ukiikubalia tu "ndiyo" siku ya kuwasha mashine mpya, inaweza kuichukua Bureau na kuanza kuipandisha kwenye intaneti, na mega zako zinayeyuka kimyakimya. Nafasi ya bure ni GB 5, ikijaa inaanza kulalamika. Mtu akikasirika akaizima ovyo, Bureau inabaki tupu na presha inapanda. Mara nyingi vitu vipo, viko kwenye dosie ya OneDrive au kwenye akaunti yako. Tupigie kabla hujafuta.

Wapo wanaodhani vipicha vingi ndivyo vinavyofanya mashine iwe nzito. Si hivyo, au ni kidogo mno. Tukikupangia Bureau hatutakuahidi mwendo. Uzito unatoka kwenye diski iliyochakaa, RAM ndogo, na programu zinazoamka pamoja na Windows.

Mwisho picha ya nyuma, sehemu ambayo wateja wanaipenda kuliko zote. Picha ya harusi ni nzuri, lakini Windows inaanza kupanga vipicha kushoto, na tumeona bibi arusi mwenye Excel kwenye paji la uso. Chagua picha ambayo nyuso ziko kulia, au tutaikata pamoja. Wanaoweka nyeusi ili betri ivumilie delestaje (mgao wa umeme) wanajisumbua bure: kwenye skrini za LCD taa ya nyuma inawaka vilevile. Punguza mwangaza, hapo utaona tofauti.

Ukija, tenga saa moja na nusu ya kukaa na sisi. Kabla ya kusogeza chochote tunanakili Bureau yote kwenye diski yetu, tunaiweka siku saba, kisha tunaifuta mbele yako. Njoo na nywila unayoikumbuka na chaja yake, na betri uijaze nyumbani. Hapa SNEL, shirika la umeme, hatuisemei.