Akaunti za biashara, tafadhalini someni

Asalaam aleikum wanakikundi. Jana dada yetu mmoja mwenye gesti kule Shela kaibiwa WhatsApp ya biashara, mwizi akajifanya ni yeye, picha ileile ya roshani yake na maua, akaanza kuwaomba wageni deposit. Imeniuma sana jamani, mgeni akishatapeliwa kwa jina lako kumrudisha ni kazi.

Ilivyokuwa ni kwamba alipata meseji kutoka kwa namba ya mteja wake anayemjua, kumbe ya huyo mteja nayo ishaibiwa, akaambiwa "samahani nimekutumia kodi (code) ya tarakimu 6 kwa makosa nirudishie", naye kwa wema wake akaituma. Basi. Ile kodi ndiyo ufunguo wa akaunti, haitumwi kwa mtu yeyote hata akiwa mamako.

Sasa kila mtu leo aingie setingi za WhatsApp, akaunti, aweke ile PIN ya hatua mbili (two-step verification) na aandike imeili yake, PIN yenyewe isiwe mwaka wa kuzaliwa wala 123456. Halafu angalia vifaa vilivyounganishwa, ukiona kompyuta usoijua itoe hapohapo.

Na mtu akikupigia ati ni Safaricom, wao wanapiga kwa 0722000000 tu, meseji za utapeli zipeleke 333. PIN ya M-Pesa hawakuulizi kabisa.

Asojua pa kubonyeza aje baada ya alasiri dukani kwangu Langoni na simu yake iwe na chaji.