Hukumu imesomwa hadharani, mbona imefungiwa kabatini?

Bwana Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliwacheka wale wanaotaka hukumu za mahakama ziwekwe kwenye intaneti. Alisema hapa Lubumbashi hata umeme ni wa kubahatisha, sasa hukumu za kwenye simu zitamsaidia nani? Nilimsoma nikiwa kibandani kwangu, umeme umekatika kweli, jenereta inanguruma, na nusura nimkubalie. Lakini mimi kazi yangu ni fotokopi. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekaa hatua chache kutoka kwenye mlango wa mahakama moja ya mji huu (sitaitaja, nina watoto wa kulisha), na karatasi zake zinapita mikononi mwangu kila siku kama unga wa bukari unavyopita jikoni kwa wengine.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Katuba. Alikuwa na hukumu iliyokunjwa mara nne na kutiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa wa sukari. Ilikuwa kopi ya kopi ya kopi: mhuri umekuwa doa la kijivu, kurasa zinafika 9, ila ukurasa wa 6 haupo. Kesi yenyewe ni ile tunayoijua sote, parseli (kiwanja) moja na wanunuzi wawili. Mzee aliyemuuzia alikuwa ameshamuuzia mwingine, mzee na mnunuzi huyo wa kwanza wakafikishana mahakamani, kesi ikaamuliwa, na mama huyu hakujua lolote mpaka mnunuzi wa kwanza alipomletea karatasi hiyo mlangoni. Hukumu ilisomwa mbele ya watu, sikatai. Siku hiyo yeye alikuwa sokoni anauza samaki.

Nikamwambia arudi kwa grefye, karani wa mahakama, akaombe ukurasa unaokosekana. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mwenye ufunguo wa kabati hayupo. Mara ya pili rejista iko ofisi nyingine. Mara ya tatu alitajiwa kiasi cha kulipa, akarudi kimya. Nilimtolea kopi za kurasa 8 alizonazo, sikumtoza kitu.

Ukurasa wa 5 unaishia na maneno “kwa kuwa kifungu cha 227”, halafu basi. Anayejua mambo ya viwanja ataelewa uchungu wake. Sheria ya ardhi ya Kongo yetu ya tarehe 20 Julai 1973, pamoja na marekebisho yake ya 1980, inasema katika kifungu cha 219 kwamba haki juu ya kiwanja inathibitishwa na setifika ya usajili. Kifungu cha 227 ndicho kila avoka (wakili) anachokitaja akitaka kusema kwamba setifika iliyotimiza miaka miwili haishambuliwi tena. Sawa. Maandishi ya sheria hayo yako bure kwenye tovuti ya Leganet, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuyasoma. Je, setifika ikiwa ilipatikana kwa ujanja, miaka hiyo miwili inahesabika? Na kama mnunuzi wa pili ameshajenga na kulala humo? Majibu ya maswali haya mahakimu wameshayatoa, tena mara nyingi, na yamo ndani ya hukumu zao. Avoka mzee anayajua kwa sababu ameshinda na kushindwa kwa miaka thelathini na kopi zake amezitunza nyumbani. Avoka kijana anakisia. Mama wa Katuba anamwomba Mungu.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 haina kigugumizi juu ya jambo hili. Kifungu cha 20 kinasema vikao vya mahakama viko wazi kwa watu wote, isipokuwa pale uwazi utakapohatarisha utulivu au maadili. Kifungu cha 21 kinataka kila hukumu iandikwe, itolewe sababu, na itamkwe hadharani. Kifungu cha 149 kinaongeza kwamba haki inatolewa kwa jina la wananchi. Ikiwa inatolewa kwa jina langu, basi naomba kopi.

Na kazi kubwa imeshafanyika. Hili ndilo ambalo msomaji wenu hakulijua, na mimi nalijua kwa sababu ya kazi yangu. Hukumu za siku hizi zinaandikwa kwenye kompyuta. Wino wa printa ukiwaishia huko ndani, kijana ananiletea faili kwenye flashi niichape. Inatoka kwangu safi, kila herufi inasomeka. Inarudi ofisini, inapigwa mhuri, inaingia kabatini, na kuanzia hapo inaanza kuzeeka: kopi, kopi ya kopi, mpaka mfuko wa sukari. Faili ile ya kwanza ingewekwa kwenye tovuti siku hiyo hiyo, ukurasa wa 6 usingepotea.

Wazee wetu wa Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati wa ukoloni, wangetushangaa. Tangu 1933 lilichapishwa katika mji huu huu jarida la hukumu za mahakama za kienyeji, kesi za mahari, za urithi, za mashamba. Sisemi ilikuwa haki ya kuigwa, Wabelgiji walikuwa na hesabu zao na sisi hatukuulizwa. Lakini aliyetaka kujua kesi ya mahari iliamuliwaje alipata mahali pa kusoma. Leo Kenya (ya Nairobi, si komini yetu ya Kenya hapa mjini) inaweka maelfu ya hukumu zake kwenye tovuti, bure. Tanzania nayo vilevile, na tangu 2021 sheria yao imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hata wafanyabiashara wetu wamezoea: nchi yetu iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na hukumu za mahakama yake ya Abidjan wanazisoma bila kupanda ndege. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anaweza kusoma mahakama ya Abidjan ilivyoamua, na Dodoma pia, kabla hajajua kilichoamuliwa ng'ambo ya barabara yake.

Nikisema ziwekwe, sina maana ya picha za karatasi zilizopigwa kwa simu, zimepinda, kidole kinaonekana pembeni. Picha ya namna hiyo haitafutiki. Iwekwe faili ya maandishi, ili ukiandika “kifungu cha 227” zikutokee hukumu zote zinazokitaja. Na iandikwe wazi kwamba kila mtu anaruhusiwa kuichukua na kuitumia tena. Mwanafunzi wa sheria wa chuo kikuu chetu apange hukumu za miaka mitano aone mahakimu wanaelekea wapi. Redio isome muhtasari kwa Kiswahili, maana hukumu zetu ni za Kifaransa na yule mama Kifaransa chake ni cha kusalimia. Kijana wa kompyuta atengeneze programu yake bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Na pasiwe na malipo kwa kila ukurasa. Nasikia Marekani mahakama za shirikisho zina mfumo uitwao PACER unaotoza senti 10 kwa ukurasa. Nilicheka: nchi kubwa vile inafanya biashara ya kibanda.

Majina ni suala gumu zaidi, na hapa wenye wasiwasi nawaheshimu. Kesi za ubakaji zina sheria zake za tarehe 20 Julai 2006, zinazotaka heshima na usiri wa aliyetendewa vilindwe, na kesi za watoto zisiguswe kabisa bila kufutwa kila dalili ya kumtambulisha mtoto. Ufaransa, katika sheria yao ya 2016, waliamua kuzitoa hukumu bure, kisha majina ya watu wa kawaida yakafichwa. Ni jambo jema, ila mji wetu una masikio. Ukiandika “mjane wa fundi viatu wa soko la Kenya”, jina la nini tena? Itabidi karani afiche zaidi ya jina. Lakini kwenye kesi za viwanja akificha na namba ya parseli, basi tumerudi palepale, kwa sababu namba ndiyo mnunuzi anayoitafuta kabla ya kutoa pesa. Mimi ningesema: watu wafichwe, parseli ibaki na namba yake na komini yake. Wako watakaonipinga, na waandike.

Majina ya mahakimu je? Wafaransa mwaka 2019 walipiga marufuku kuyatumia kuchambua mwenendo wa hakimu mmoja mmoja, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Hapo siwafuati. Hakimu anasoma hukumu akiwa amevaa joho, mbele ya watu, na jina lake liko chini ya karatasi. Aliyeamua vizuri atasifiwa na wasiomjua, na yule ambaye kesi zinazofanana anaziamua kwa namna mbili, tujue.

Mahakama ya Rufaa ya Lubumbashi ingeweza kuanza na hukumu za viwanja za mwaka huu peke yake. Flashi ipo, faili zipo, karani mmoja wa kusoma na kuficha majina anatosha kwa kuanzia. Mimi nitapoteza wateja, najua. Nitapiga picha za pasipoti.

Mama wa Katuba alipita tena jana, kesi yake itaitwa mwezi ujao. Nimembania upya kurasa zake, nikaweka karatasi moja nyeupe kati ya ukurasa wa 5 na wa 7.

Mwenye kibanda cha fotokopi,
Lubumbashi