Arobaini ya mwarobaini

Mdogo wangu,

Umeniomba orodha ya magonjwa arobaini uichapishe nyuma ya pakiti zako za unga wa mwarobaini. Nimekaa na kalamu: homa, upele, minyoo, fizi... Nilipofika kumi na moja nikakwama, nikacheka peke yangu.

Arobaini hiyo haihesabiwi, bwana. Kwetu arobaini ni wingi uliotimia. Mzazi hukaa ndani hadi atoke arobaini, marehemu husomewa arobaini, na za mwizi ni arobaini hata akikamatwa siku ya tatu. Mti wenyewe asili yake ni Bara Hindi. Waliouita hivyo huku kwetu walikuwa wanausifu tu.

Majina mengine ya mimea yanasema yaliyoonekana kwa macho. Kifauongo ukikigusa kinajikunja kama maiti, ukigeuka kinafufuka. Shubiri ni neno la Kiarabu, mzizi mmoja na subira. Bibi aliipaka kwenye chuchu siku ya kumwachisha mtoto ziwa, na nyumba nzima ikahitaji subira usiku ule.

Ila mwingajini ndio unaonisumbua. Kuwinga ni kufukuza, kama tunavyowinga ndege mpungani. Jini gani sasa? Mara nyingi lilikuwa degedege: mtoto anakakamaa, macho yanapinduka, watu wanasema dege limempitia. Leo tunajua homa kali, hasa ya malaria, huleta hali hiyo, na mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Jina limebaki na hofu ya akina mama ambao hawakuwa na hospitali ya kukimbilia. Na mbegu za mwingajini zina sumu. Huko India watoto wameshakufa kwa kuzila.

Ndiyo maana nakusihi uache ile orodha. Mama atasoma "degedege" kwenye pakiti yako, atakoroga kijiko, atasubiri. Na hayo mafuta ya mwarobaini unayosema utaanza kukamua, usimpe mtu ayanyweshe kichanga, yameshadhuru watoto.

Andika hivi: majani ya mwarobaini, yamekaushwa kivulini. Mjamzito asitumie. Ongeza kwamba wakulima huyachanganya na mahindi ghalani kuzuia fukusi, maana wateja wako wengi ni wakulima na hilo litawafaa zaidi. Nafasi ikibaki, weka bei.