Kabla ya Jumamosi ya Kondele

Nakuru

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi umerudi salama kutoka mafunzoni Ulaya, na kwamba Jumamosi unakutana na vijana ishirini hapo Kondele, Kisumu, kuzungumzia lugha ya chuki na ya kubagua wanawake, na jinsi ya kuijibu. Kabla hujafungua makabrasha uliyopewa, nisikilize kidogo.

Lile zoezi la kutafuta ubaguzi katika viwakilishi, yaani maneno kama "yeye", na katika majina ya kazi, liache huko huko. Kwa Kifaransa au Kijerumani lina mantiki, kwa sababu lugha yenyewe humtaja mtu kwa jinsia yake. Kwetu "yeye" ni yeye tu, na daktari ni daktari. Vijana watakuambia Kiswahili hakina ubaguzi, na kikao kitaishia hapo. Ubaguzi wetu umejificha kwenye vitenzi na misemo. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Anayemsikiliza mkewe "amekaliwa chapati". Mvulana akilia, anaulizwa kama yeye ni msichana.

Kwa hiyo mpe kila mmoja kadi tatu, aandike maneno aliyoyasikia wiki hiyo kwenye matatu, kanisani au katika kikundi cha WhatsApp, bila jina la aliyeyasema. Zikusanye, uzichanganye, zisomwe na mtu mwingine. Ukimwachia kila mtu asome zake, wasichana watanyamaza, nawe utadhani hawana la kusema.

Baada ya hapo pambanueni tusi na uchochezi. Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa wa 2012, unaohusu uchochezi wa chuki, una maswali sita ya kupima maneno: hali ilikuwaje, msemaji ni nani, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, maneno yalifika wapi, na madhara yanakaribia kiasi gani. Anza na "madoadoa". Kwenye kitambaa ni pambo. Jukwaani hapa Bonde la Ufa, wakati wa kampeni, ni kuwaonyesha watu wa makabila mengine kuwa ndio wa kufukuzwa, ndiyo maana NCIC, Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, ililiweka katika orodha yake ya maneno ya chuki ya 2022. Vijana wa Nakuru huhitaji dakika 40 kwa neno hilo peke yake. Usiwaharakishe.

Sheria itaje, lakini usiwaahidi makubwa. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano ya Kenya ya 2008 kina faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, ila kinahusu chuki ya kikabila, rangi na uraia. Mwanamke anayetukanwa kwa kuwa ni mwanamke hakimtaji. Hilo linaniuma sana.

Kwenye kujibu matusi ya mtandaoni ndipo wengi huharibu. Wanalinakili tusi ili walikemee, na hivyo wanalisambaza. Kwanza mwulizeni faraghani aliyetukanwa: unataka tujibu, au tunyamaze? Pigeni picha ya skrini yenye kiungo, tarehe na saa kabla ya kuripoti, maana chapisho likiondolewa ushahidi umekwenda. Kisha waandikieni wanaosoma kimya, si mtukanaji. Mgombea mwanamke wa wadi akiulizwa nani atamlelea watoto, jibu fupi latosha: "Wagombea wanaume nao wameulizwa? Turudi kwenye maji na barabara." Watakaojibu wawe wawili au watatu, wasizidi, la sivyo itaonekana genge.

Kadi usizitupe. Nipigie picha unitumie, nizilinganishe na za huku.

Wako,
rafiki yako wa Nakuru