Barua ya wazi kwa mashabiki wa timu za vyuo: acheni kumbebesha kijana mmoja lawama za timu nzima

Wanangu mnaoshangilia timu za vyuo vyenu,

Nawasalimu kwa mapenzi, lakini nimekasirika na sitaificha hasira yangu. Hivi karibuni nilihudhuria fainali ya vyuo viwili ambavyo sitavitaja. Beki mmoja alimrudishia kipa wake mpira kwa pasi hafifu, mshambuliaji akauwahi, bao likaingia. Kabla filimbi ya mwisho haijapulizwa, video ya kosa lile ilikuwa imekwisha kusambazwa kwenye simu pamoja na matusi yaliyomfikia hadi mama yake mzazi. Wachezaji wenzake waliondoka pamoja, yeye akaachwa atoke peke yake, na watu wazima waliokaa jukwaa kuu, wakiwemo walimu wake, walikuwa wakicheka.

Nimefundisha michezo kwa muda mrefu, na kila nionapo jambo la namna hii hukumbuka msimu wa mwaka 1905 wa timu ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Walicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia na mpira mikononi na kuangushana. Chini ya kocha Fielding Yost, timu ile ilikuwa haijafungwa tangu mwaka 1901. Ilikuwa imecheza michezo 56 mfululizo na kutoka sare mara moja tu. Msimu wa 1905 ilishinda michezo yake 12 ya mwanzo bila mpinzani yeyote kuambulia hata alama moja, wakati yenyewe ilikuwa imevuna alama 495.

Tarehe 30 Novemba, Sikukuu ya Kushukuru, Michigan ilikwenda Chicago kukabiliana na timu ya chuo kikuu cha mji huo, iliyofundishwa na Amos Alonzo Stagg, nayo haikuwa imefungwa msimu ule. Maelfu kwa maelfu ya watu walijaa uwanjani. Timu zilikabana hadi kipindi cha pili bila mmoja kupata kitu, ndipo Walter Eckersall wa Chicago alipopiga mpira mrefu ambao kijana wa Michigan aitwaye Denny Clark aliupokea nyuma ya mstari wa goli la timu yake. Angeliuweka chini pale pale, lisingalitokea baya lolote. Yeye aliamua kukimbia nao ili aipatie timu yake nafasi, akauvuka mstari kidogo, akakamatwa na kusukumwa kurudi nyuma hadi akaangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe. Kwa sheria za mchezo ule, wapinzani walipewa alama 2, na mechi ikaisha 2 kwa 0. Hizo ndizo alama pekee ambazo Michigan ilifungwa msimu mzima.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapotaka mfikiri. Timu iliyovuna alama 495 ilicheza siku ile kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupata hata moja. Washambuliaji walishindwa, mbinu za kocha zilishindwa, na Chicago walikuwa hodari. Pamoja na hayo yote, magazeti na mashabiki walimtafuta mtu mmoja wa kumbebesha mzigo, wakampata Clark. Aibu ile ilimfuata kwa miaka mingi, na mwaka 1932 alijiua. Iliripotiwa kwamba barua aliyoacha iligusia mchezo ule wa 1905. Sisemi kwamba mechi moja ndiyo iliyomuua, kwa sababu hakuna aijuaye siri ya moyo wa mwenzake, na si haki kuyapunguza maisha ya mtu kuwa tukio moja. Nasema kwamba alikuwa kijana wa chuo aliyejaribu kuisaidia timu yake, na watu wazima walimfanya aamini kwamba yeye ndiye kosa lenyewe. Siku zile tusi lilichapwa gazetini na gazeti likachakaa. Lenu linabaki kwenye simu, na mchezaji hulifungua usiku akiwa peke yake kitandani.

Nanyi wazazi, walimu na viongozi wa michezo, msijifiche nyuma ya vijana. Msimu huo huo wa 1905 wachezaji kadhaa wa Marekani walikufa kutokana na majeraha ya uwanjani, akiwemo Harold Moore wa chuo cha Union, aliyeumia kichwani tarehe 25 Novemba katika mchezo dhidi ya Chuo Kikuu cha New York. Rais Theodore Roosevelt alikuwa amekwisha kuwaita Ikulu viongozi wa timu za Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba, lakini mabadiliko ya kweli yalikuja baada ya Henry MacCracken, mkuu wa chuo hicho cha New York, kuwakutanisha wakuu wenzake. Mwaka 1906 sheria zilibadilishwa, pasi ya kurusha mbele ikaruhusiwa, na chombo cha kusimamia michezo ya vyuo kikaundwa. Wakubwa walipoamua kuacha kupiga makofi, walipata la kufanya.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msiweke dau kwenye mechi za wenzenu. Aliyeumia kichwa asirudishwe uwanjani. Kocha asimtaje mchezaji mmoja mbele ya waandishi wa habari kuwa ndiye chanzo cha kushindwa. Mwamuzi naye ana watoto.

Manahodha, ninyi nawaomba jambo moja kabla msimu mpya haujaanza: chagueni mapema wachezaji wawili ambao kazi yao, baada ya kila mechi mtakayoshindwa, itakuwa kutoka uwanjani bega kwa bega na aliyekosea, kupanda naye basi, na kukaa naye hadi alale. Msingoje uongozi wa chuo uwaambie.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu wa michezo