Hadubini ziko ngapi?

Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, vipeperushi vya vyuo vya afya huanza kubandikwa vituo vya daladala, Mbagala hadi Tegeta. Mwanangu anataka stashahada ya sayansi ya maabara, miaka mitatu. Nafurahi, si lazima kila aliyefaulu baiolojia na kemia awe daktari. Lakini chuo tulichotembelea kilituonyesha projekta, hadubini hatukuziona. Kutambua vimelea vya malaria kwenye kioo chenye damu iliyotiwa rangi ya Giemsa hakufundishiki ukutani. Jicho huzoeshwa, kioo baada ya kioo. Naomba NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo hivi, itangaze kila chuo kina hadubini ngapi kwa wanafunzi wangapi, wazazi tujue kabla ya kulipa ada.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam