Anayesema isimu haina soko aje kaunta ya maktaba

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nilipoanza kazi na sijawahi kukuandikia. Ile habari ya wiki iliyopita kuhusu kozi "zisizo na soko", ambamo isimu (elimu ya lugha), falsafa ya lugha na ukutubi ziliwekwa fungu moja la kufutwa, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako aliwauliza wanaotaka zifutwe, asimuulize hata mmoja aliyezisoma.

Mimi nimekuwa mkutubi wa chuo kwa miaka 26, sasa nimestaafu. Mwaka mmoja, mitihani ikikaribia, alinijia binti wa mwaka wa pili, macho mekundu. "Shikamoo mama. Natafuta vitabu vya viambishi, kompyuta inasema hakuna." Nikakaa naye. Tukaandika viambishi, ikatoka sifuri. Nikaandika kiambishi, vikatoka vitabu vinne, na viwili vilikuwa kwenye rafu nyuma ya mgongo wake. Siku tatu mtoto wa watu alikuwa anahangaika! Programu ile ilinunuliwa nje, na iliundwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani: unaandika herufi za mwanzo, unaweka nyota mwishoni, maumbo yote yanakuja. Maneno yetu hubadilika kichwani. Mtoto, watoto, ukuta, kuta, na jino likishakuwa meno, nyota hiyo uiweke wapi? Nikawaandikia wakubwa. Nikajibiwa kwamba mfumo hauna tatizo, ila wanafunzi hawajui kutafuta. Nilikunja barua ile nikaiweka kwenye droo, na mpaka leo ninayo. Mtu wa kuutengeneza mfumo huo ni yule aliyefundishwa mofolojia ya Kibantu, yaani maumbo ya maneno ya lugha zetu, akajua mzizi wa neno unaanzia wapi, kisha akafundishwa jinsi faharasa, ile orodha ya kutafutia, inavyojengwa. Wahandisi wa kompyuta tunao, na wazuri, lakini hakuna aliyewafundisha ngeli zaidi ya walivyokariri sekondari. Sasa hao wachache wanaozijua zote mbili ndio mnatuambia hawana soko.

Na si kompyuta tu. Nendeni mkaangalie namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, ulitoka Marekani mwaka 1876, na maktaba zetu nyingi bado zinautumia. Kiingereza kina 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440. Kilatini, ambacho leo hakuna mama anayembembelezea mtoto, kina 470 yake peke yake. Halafu inakuja 490, "lugha nyingine", na humo ndani lugha za Afrika zimebanwa kwenye 496, hata Kiswahili kinaandikwa 496.392. Nimeandika namba hiyo kwa mkono wangu maelfu ya mara, kwenye vibandiko ambavyo havitoshi upana wake, na kila mara iliniuma. Nani atakaa chini atupangie elimu kwa namna inayotufaa, kama tunawafukuza darasani wanaojifunza kupanga?

Falsafa ya lugha ndiyo iliyobezwa zaidi katika habari ile. Mwingereza J. L. Austin, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Oxford, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ndiyo kutenda, na kwa Kiingereza mfano wake mkuu ni kitenzi cha wakati uliopo. Kwetu mume hutoa talaka kwa kusema "nimekuacha", na bwana harusi mbele ya kadhi hujibu "nimekubali". Kwa nini -me-, ambayo ni ya jambo lililokwisha, wakati jambo ndiyo kwanza linatendeka? Swali hilo lina uzito mahakamani na lina uzito nyumbani, na hatutalijibu kwa kukariri mifano ya Oxford.

Jambo jingine linaloniudhi ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Tangu UNESCO itupe siku hiyo mwaka 2021, kila mwaka ni fulana, ngoma na hotuba. Majarida ya zamani ya Kiswahili yako stoo, mengine yameliwa na mchwa, na hakuna fungu hata la kununulia maboksi.

Ombi langu ni hili. Ziwekwe kozi hizo tatu katika muhula mmoja wa pamoja, Jumanne na Alhamisi asubuhi, ndani ya maktaba yenyewe, zifundishwe kwa Kiswahili. Istilahi zipo: TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoa kamusi ya isimu na lugha mwaka 1990. Kila mwanafunzi apewe makala 50 kutoka majarida hayo, azisome, azitengenezee faharasa kwa mizizi ya maneno, na hiyo ndiyo iwe mtihani wake. Kundi la kwanza nitalisimamia mimi, bila malipo, na nauli nitajilipia.

Mkutubi mstaafu,
Tanga